Sayari Zikitazamana Juu ya Meru: Mambo Tisa, Tukihesabu Kushuka Hadi Moja

Nguzo za umeme za Arusha zina kazi mbili: kubeba nyaya na kubeba matangazo ya kusafisha nyota. Unaambiwa nyota yako imefifia, imefungwa, imeibiwa, na namba ya simu ipo hapo hapo chini. Mpigie mganga huyo, umuulize swali moja tu: "Hiyo nyota yangu, leo jioni nikitoka nje niitafute upande gani?" Salio lako litaisha kabla hajajibu.

Wanajimu wa zamani walianza na hesabu. Aliyeshindwa kusema sayari ya Zohali iko wapi usiku huu hakuruhusiwa kusema Zohali inataka nini. Kwetu tulikuwa na jina kubwa, Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011. Kuelekea uchaguzi wa 2010 alitabiri kwamba atakayempinga Jakaya Kikwete ndani ya CCM angekufa ghafla, na nchi nzima ikalijadili neno hilo, vijiweni na magazetini. Utabiri tuliushika. Mizunguko ya sayari hatukuiulizia.

Mimi naipenda mizunguko kuliko utabiri, na nasema wazi. Sayansi haijapata ushahidi kwamba sayari huandika maisha ya mtu. Mashehe na wachungaji nao wanakataza kuzipa kazi ya Mungu. Lakini ratiba ya sayari ni ya kweli, inapimika kwa jicho, na haina kiingilio. Ukiijua, hakuna atakayekuuzia hofu juu yake. Haya, tuhesabu kutoka tisa.

9. Utaridi, sayari inayosingiziwa kila kitu

Kioo cha simu kimepasuka: Utaridi. Meseji ya mpenzi imeingia kwenye grupu la ukoo: Utaridi. Kifodi kimekupitisha kituo cha Sakina: Utaridi. Jamani, konda naye abebe lake!

Utaridi huonekana kurudi nyuma angani mara tatu kwa mwaka, miaka mingine mara nne, na kila safari ni kama wiki tatu. Jumla yake inakaribia moja ya tano ya mwaka. Kwa hiyo ukiamua kutosaini chochote wakati huo, umejipa likizo ya zaidi ya miezi miwili, na mwajiri wako hajaulizwa.

Jambo zuri ni hili: watu wengi wa Ulaya wanazeeka bila kuiona Utaridi kwa macho, kwa sababu haitoki mbali na Jua zaidi ya nyuzi 28 na kwao hubaki chini, kwenye ukungu wa upeo. Sisi tuko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta. Hapa njia ya sayari husimama karibu wima jioni, Utaridi ikapanda juu ya vilima vya Monduli ikiwa peke yake. Wanaoilaumu ni wengi. Walioisalimia ni wachache.

8. Mirihi na ule usiku wa mawingu

Hakuna sayari inayorudi nyuma kweli. Panda basi kutoka Moshi, ukae dirishani. Pale Kikatiti dereva wako akilipita lori, lori linaonekana kurudi nyuma ukilipima na miti ya mbali, ingawa dereva wake naye amekanyaga mafuta. Dunia huipita Mirihi hivyo hivyo kila baada ya siku 780 hivi, miaka miwili na ushee, na kwa zaidi ya miezi miwili Mirihi huonekana ikirudi ilikotoka. Katikati ya kipindi hicho huwa mukabala na Jua: Jua likizama, Mirihi inachomoza, nyekundu, imenona.

Tarehe 27 Julai 2018 mambo yalijaa. Mirihi ilikuwa mukabala na Jua, na usiku huo huo Mwezi ukapatwa kabisa kwa dakika 103, kipindi kirefu kuliko vyote vya karne hii. Kwa saa zetu ilikuwa saa 4:30 usiku hadi saa 6:13. Mwezi ulioiva rangi ya kutu, Mirihi ikiwaka pembeni yake, vyote viwili karibu na utosi. Afrika Mashariki nzima ilikuwa kwenye viti vya mbele.

Arusha? Wanaoijua Julai ya Arusha wameshacheka. Ni mwezi wa masweta, chai ya tangawizi na wingu lililolala juu ya Meru kama limelipa kodi. Anayetaka kutazama anga kwetu apange safari zake kati ya Desemba na Februari, na Julai akisikia kuna tukio, apande gari ashuke Minjingu au Makuyuni kwenye ukame. Sayari haiahirishi miadi kwa sababu yako.

7. Saa ya kuzaliwa, hapo ndipo Simba anapogeuka Nge

Ramani ya kuzaliwa hujengwa juu ya buruji (Simba, Nge na wenzao) iliyokuwa ikichomoza mashariki dakika ile mtoto alipolia. Buruji hizo hupokezana kila saa mbili hivi. Sasa mama anakumbuka vizuri: "Ulizaliwa saa mbili usiku, taa za kandili zikiwa zimewashwa." Kijana anafungua programu kwenye simu, anaandika 2:00. Programu inaelewa saa nane usiku. Kama buruji yake ilikuwa Simba, ametoka na Nge, na kesho anamweleza kila mtu kwamba yeye ni wa siri sana.

Kwa wazee kuna mtego mwingine. Katika enzi ya Mwingereza saa rasmi ya Afrika Mashariki iliwahi kuwa nyuma ya ile ya leo kwa robo saa. Robo saa ni karibu nyuzi nne za anga. Bibi aliyezaliwa mwaka wa njaa, mchana, ng'ombe wakiwa mtoni, msimsumbue na programu.

6. Mitazamo: shule yake ni Mwezi, ada yake ni ngumi

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapouziwa maneno magumu.

Ukisikia "Mirihi inaitazama Zuhura kwa tarbii", usitetemeke. Ni pembe tu. Chora duara lenye nyuzi 360, weka Dunia katikati, kisha pima umbali wa sayari moja hadi nyingine. Zikiwa pamoja ni kirani. Nyuzi 60 ni tasdisi, 90 ni tarbii, 120 ni tathlithi, na 180, uso kwa uso, ni mukabala. Aliyeipanga mitazamo hii vizuri kwenye kitabu ni Ptolemy, aliyekuwa akiishi Alexandria, Misri, karne ya pili. Naam, Afrika. Akisema mtu kwamba mambo haya yamekuja na ndege, mkumbushe. Wataalamu wa Baghdad walimsoma na kumwongezea, na falaki ya Waarabu ikasafiri na jahazi hadi pwani yetu pamoja na majina yake.

Sababu ya kuchagua pembe hizo ni rahisi. Buruji ni 12, zimegawanywa kwenye moto, udongo, upepo na maji. Ukiruka nyuzi 120 kutoka Kondoo unaangukia Simba, ruka tena unaangukia Mshale: wote moto, lugha moja, ndiyo maana tathlithi inasifiwa kuwa ya wepesi. Ukiruka nyuzi 90 kutoka Kondoo unaangukia Kaa, mtu wa maji. Moto na maji jikoni pamoja, ndiyo maana tarbii ina sifa ya ugomvi. Tasdisi ni rafiki mpole, mukabala ni ubishi wa ana kwa ana. Huo ndio mfumo, wala hakuna uchawi ndani yake. Unaweza kuukataa, lakini huwezi kusema hukuuelewa.

Sasa uone kwa macho. Simama mahali pa wazi, tuseme uwanda wa Kisongo, Jua linapogusa upeo upande wa Monduli. Nyosha mkono mbele, kunja ngumi: upana wake ni nyuzi kumi hivi. Anza kwenye Jua, panda ngumi juu ya ngumi hadi kwenye Mwezi. Siku ya tano baada ya mwezi mpya utahesabu ngumi sita: tasdisi. Siku ya saba na ushee Mwezi umekatwa nusu, uko juu ya kichwa, ngumi tisa: tarbii, na shingo inauma kweli kweli, mtazamo wa ugumu haukukosea hapo. Siku ya kumi, ngumi kumi na mbili: tathlithi. Siku ya kumi na nne au kumi na tano, Mwezi mpevu unachomoza upande wa Moshi huku Jua likitua upande wa Monduli. Wewe na ngumi zako mmesimama katikati ya mukabala.

Anayesubiri mwandamo ili afunge au afungue anafuatilia kirani ya Jua na Mwezi kila mwezi wa maisha yake. Mnajimu ana majina, shehe ana kalenda, anga ni lile lile.

Na zawadi ya mwisho ya somo hili. Zuhura haitoki mbali na Jua zaidi ya nyuzi 47, yaani haifikishi hata ngumi tano. Kwa hiyo haiwezi kuwa tasdisi na Jua, wala tarbii, wala mukabala, si leo wala milele. Ukisoma mahali "Zuhura iko mukabala na Jua, epuka kukopesha", epuka mwandishi. Kukopesha ni shauri lako.

5. Sayari za mbali na Azimio letu

Uranus inazunguka Jua kwa miaka 84, Pluto kwa miaka 248. Hukutana mara moja kwa zaidi ya karne. Zilikutana katikati ya karne ya 19, kisha 1965 na 1966. Wanajimu wa Magharibi huiita kirani ya mapinduzi, na hapo Arusha tunaingizwa kwenye hadithi: Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa mjini kwetu Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa.

Hapana, nakataa. Nyerere hakuwa amekaa akisubiri Uranus imalize mzunguko. Azimio liliandikwa na watu, likabishaniwa na watu, na mpaka leo watu wanalibishania palepale kwenye makumbusho yake, hatua chache kutoka mnara wa mwenge. Kulikabidhi kwa Pluto ni kuwanyang'anya waliolala macho wakiliandika.

4. Kupatwa: kila baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8

Tarehe 1 Septemba 2016 mchana, Rujewa, wilaya ya Mbarali, Mbeya, ilikuwa na wageni kuliko ilivyozoea. Mwezi uliingia katikati ya Jua, ukaacha pete ya moto. Arusha tuliona Jua limemegwa, si haba. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa waliowaeleza Watanzania kinachokuja na jinsi ya kulinda macho, na kazi yake ile inastahili shukrani kuliko ilizopata.

Kupatwa hakutokei ovyo. Njia ya Mwezi hukatana na njia ya Jua mahali pawili, wanajimu wakapaita kichwa na mkia, rasi na dhanabu. Jua na Mwezi vikikutana karibu na hapo, kupatwa hutokea. Mpangilio huo hujirudia baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi. Hizo saa 8 ndizo zenye vituko: Dunia inakuwa imegeuka theluthi moja, kwa hiyo onyesho linahamia bara jingine. Ndugu wa kupatwa kwa Rujewa atatokea 12 Septemba 2034, lakini Amerika Kusini. Familia ileile, nauli nyingine.

Kwa wenye haraka, 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kabisa kuanzia Hispania na Morocco, kupitia Luxor, Makka na Yemen hadi Somalia, nasi Arusha tutaona limemegwa tena. Tarehe 21 Mei 2031 pete ya moto inarudi kwenye ardhi ya Tanzania, kusini.

Kila ikifika siku kama hizo, wauza hofu nao wanafika: mimba itaharibika, kiongozi fulani atakufa. Waislamu wana jibu la karibu miaka 1,400. Jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume akawakatalia, akafundisha kwamba Jua na Mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Baba aliye kwenye msiba anakataa kupewa heshima ya uongo. Mganga wa nguzo ya umeme akija na lake, mweleze kisa hiki, usubiri.

3. Mshtarii inapokutana na Zohali, na mtihani wa mji wa mikataba

Mshtarii humaliza mzunguko kwa karibu miaka 12, Zohali kwa miaka 29 na nusu. Ukifanya hesabu, yenye mbio inaikuta yenye mwendo wa pole kila baada ya miaka 20 hivi. Wanajimu wa Baghdad, Abu Ma'shar akiwa mbele, waliisoma historia yote ya falme kwa kirani hii.

Jioni ya 21 Desemba 2020 zilikaribiana hadi zikaonekana karibu nuru moja upande wa magharibi. Umbali kati yake ulikuwa kama moja ya tano ya upana wa Mwezi. Mara ya mwisho zilipokuwa karibu hivyo na watu wakaweza kuziona vizuri ni Machi 1226, Kilwa ikiwa tayari mji wa biashara.

Sasa mtihani. Kirani nyingine ilikuwa Februari 1961, na Desemba ile tukapata Uhuru. Umesisimka? Ngoja. Kirani ya Mei 2000: Julai Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza rasmi kwa mkataba uliosainiwa hapa Arusha, na 28 Agosti makubaliano ya amani ya Burundi yakasainiwa hapa hapa. Chalii wa kijiweni ameshasimama: "Mzee, si unaona? Nyota hizo!"

Kaa, chalii wangu, unywe kahawa. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda iliundwa Novemba 1994, ikaletwa Arusha mwaka uliofuata. Kirani ilikuwa wapi? Haikuwepo hata kwa dawa. Mkataba wa Jumuiya wenyewe ulisainiwa Novemba 1999. Arusha ni mji wa mikutano: chagua mwaka wowote, utakuta watu wenye tai wamesaini kitu. Anayekuonyesha miaka iliyolingana, mdai na ile isiyolingana. Swali hilo moja linamaliza nusu ya biashara ya utabiri.

2. Zuhura, yule kijana wa ng'ombe

Wamaasai wanaiita Kileken, na wana hadithi yake. Mzee asiye na mtoto anampata kijana yatima. Kijana anafanya kazi zote za boma na kuchunga ng'ombe, mradi mzee asichunguze siri yake. Mzee anachungulia. Kijana anapaa, anakuwa nyota: alfajiri inawatoa ng'ombe zizini, jioni inawarudisha kukamuliwa. Tololwa Mollel, mwandishi aliyezaliwa Arusha mwaka 1952, aliiandika kwa watoto mwaka 1990 kwa jina la The Orphan Boy, na michoro ya Paul Morin kwenye kitabu hicho ikapata tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada.

Waliobuni hadithi hii walikuwa wameshajua nyota ya alfajiri na ya jioni ni moja. Tena inaendana na hesabu. Zuhura hukaa nyota ya alfajiri kwa miezi minane na ushee, kisha inapotea nyuma ya Jua kwa wiki saba hivi. Inarudi kama nyota ya jioni kwa miezi minane na ushee mingine, kisha inapita mbele ya Jua na kupotea kwa siku nane tu. Kijana haaminiki kwa likizo, lakini zizini anarudi.

Mzunguko huo mzima ni siku 584. Ukiuzidisha mara tano unapata miaka minane kamili, pungufu ya siku mbili hivi. Maana yake: ilipo Zuhura leo jioni, ndipo ilipokuwa miaka minane iliyopita tarehe karibu na hii, na ndipo itakapokuwa miaka minane ijayo. Hakuna sayari yenye adabu ya tarehe kama hii.

Ushahidi ni Kilimia. Wakulima wengi wa Kiswahili wanakijua kile kifungu cha nyota ndogo, na msemo wake: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wamaasai nao walikitumia: A. C. Hollis, katika kitabu chake cha 1905, aliandika kwamba Kilimia kisipoonekana tena walijua mvua kubwa zimekwisha. Inakubaliana na Arusha yetu: Kilimia kinamezwa na mwanga wa Jua mwishoni mwa Aprili, masika ikiwa bado inadondoka, kinazuka alfajiri mwezi Juni kukiwa kukavu. Mtabiri wa hali ya hewa asiye na mshahara, na hajagoma hata siku moja.

Mwanzoni mwa Aprili 2012 Zuhura ilipita kando ya Kilimia. Mwanzoni mwa Aprili 2020 ikapita tena, ikaingia ndani yake. Tia alama mwanzoni mwa Aprili 2028. Ukiwa upande wa Momella, maziwani, utaiona ikishuka nyuma ya Meru yenyewe na mita zake 4,566, kama masika itakuachia nafasi. Ukiwa Ngaramtoni, mlima uko nyuma yako na upeo wa magharibi uko wazi. Chagua kijiji chako.

Wanajimu huipa Zuhura mapenzi, na vijana wanaiuliza juu ya ndoa. Kwa ushauri wangu, ukitaka kuitumia kwenye mapenzi, mpeleke mwenzako nje jioni, umuonyeshe. Imeshinda meseji nyingi.

1. Zohali, na rika

Namba moja ni ya mzee. Zohali huzunguka kwa miaka 29 na nusu hivi, yaani karibu na umri wa miaka 29 au 30 inarudi pale ilipokuwa ulipozaliwa. Wanajimu wanaogopesha watu nayo kuliko nyingine yoyote: kazi zitatikisika, ndoa zitapimwa, ujana utadai risiti. Njiani huwa imeshapita mitazamo yake: tarbii ukiwa na miaka saba na ushee, mukabala ukiwa na kumi na nne au kumi na tano, tarbii ya pili ukiwa na ishirini na mbili.

Sasa geuza macho kwenye mteremko wa Meru. Kwa Waarusha na Wamaasai, rika jipya hufunguliwa kila baada ya miaka kumi na tano hivi. Seuri, Makaa, Landis, Korianga: muulize mzee wa Ilboru yeye ni rika gani, utakuwa umemuuliza umri, heshima na majukumu kwa pamoja. Na rika jipya halilelewi na lile lililo juu yake moja kwa moja. Hao ni washindani, watapigana vijembe mpaka uzeeni. Wanaowasha moto wao na kuwasimamia, olpiron, ni rika la juu zaidi, la kuruka moja. Kumi na tano mara mbili ni thelathini. Rika la kukabiliana nalo linakuja baada ya nusu ya Zohali, na rika la kukulea liko mbele yako kwa Zohali nzima.

Sidai kwamba wazee walipanga rika kwa kutazama sayari. Ninachodai ni kikubwa zaidi kwangu. Muda wa miaka thelathini ni kipimo cha binadamu: mtoto anazaliwa, anakua, anachukua mzigo, na aliyekuwa anaubeba anageuka mlezi. Wanajimu walikiona kipimo hicho angani wakakipa jina la sayari. Wazee wa chini ya Meru walikiweka kwenye jamii wakakipa walezi. Kati ya hivyo viwili, mimi nawapa ushindi wazee wa Meru, bila kusita. Mnajimu anamwambia kijana wa miaka 29, "Zohali imerudi, vumilia." Rika linamwambia, "Umefika, na huyu hapa ndiye anayekuongoza." Ukitikiswa, cha pili kinashikika.

Hata pete za Zohali zinafuata mwendo huo. Kila baada ya miaka kumi na tano hivi hugeuka ubavu kwetu na kutoweka kwenye darubini: ilitokea 2009, ikatokea Machi 2025, itatokea tena 2038. Rika limefungwa, rika limefunguliwa.

Ewe uliyezaliwa kati ya Aprili 1996 na mwisho wa 1998, neno hili ni lako. Ulipozaliwa Zohali ilikuwa Kondoo kwa muda karibu wote huo, na kwa hesabu ya wanajimu imeingia tena Kondoo Februari 2026, hadi Aprili 2028. (Kwa nyota zenyewe bado inaonekana kwenye kundi la Samaki, kwa sababu buruji za hesabu zimeshahama kutoka kwenye nyota zilizozipa majina; wanajimu wa Kihindi hufuata nyota zenyewe.) Utaambiwa nyota yako imefungwa na utatajiwa bei. Usitoe hata senti. Oktoba 2026, na tena Oktoba 2027, toka nje Jua likizama, tazama mashariki, upande wa Moshi: nuru tulivu ya manjano, isiyometameta. Hiyo ndiyo yako. Ukishaiona, nenda kamtafute mtu mzima aliyekuzidi miaka thelathini, umuulize alifanyaje.